Haki ya Pumzi: Maneno kwa Mwenye Pumu na Walio Karibu Naye
Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia pumzi tukaivuta usiku na mchana pasi na kuihesabu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, neno letu katika kurasa hizi ni juu ya maradhi ya pumu, na hasa ile pumu imshikayo mtu anapokimbia, au anapochukua mzigo, au anapofanya kazi yo yote ya kumtwetesha. Huenda msomaji akauliza: Jambo hili lina nini na dini, nalo ni kazi ya matabibu? Jawabu yake ni kwamba mengi katika yanayowadhuru wenye pumu miongoni mwetu huyatenda kwa kudhani kuwa dini yawataka wayatende, na hali dini yawakataza. Na tuanze na moja linalojulikana na kila aendaye msikitini.

Sala imekimiwa, na mtu yuko mbali bado, tuseme yuko pwani na msikiti uko juu mjini. Akisikia takbiri ya imamu hukunja kanzu yake akatoka mbio, akapanda kilima chote, ili aidiriki rakaa. Hufika mlangoni akavua viatu huku akihema, akaingia safuni imamu akiwa katika rukuu, akamshukuru Mungu kwa kuwahi. Walakini haipiti rakaa ya pili au ya tatu illa kifua chaanza kumbana, na mluzi wa pumzi zake wasikiwa na aliye kando yake. Akisujudu haoni hewa, na akitoa salamu hawezi kumwitikia mwenziwe. Watu husema: Miskini, amechoka. Wala hakuchoka, ameshikwa na pumu, na aliyeiita ni yeye mwenyewe.

Na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira, amekataza kuijia sala kwa mbio, akaamrisha tuiendee kwa mwendo wa utulivu na heshima, tutakachokidiriki tukisali na imamu, na kitakachotupita tukikamilishe wenyewe. Amri hii waliambiwa watu wazima wenye afya, ambao mbio haziwadhuru cho chote katika vifua vyao. Basi itakuwaje kwa yule ambaye mbio hizo zaweza kumfungia pumzi? Huyu ameiacha amri aliyopewa, kwa ajili ya rakaa ambayo alikwisha ruhusiwa kuikamilisha baada ya imamu. Siioni faida ya biashara hii.

Sasa na tueleze asili ya maradhi yenyewe, kwani mtu hajilindi na asilolijua. Pumzi huingia mapafuni kwa njia zinazogawanyika kama matawi ya mwembe, kila tawi likizaa vitawi vidogo zaidi. Katika njia hizo mna nyama laini nyembamba za kukaza na kulegeza, na ndani yake mna utando wenye unyevu. Kwa mwenye pumu utando huu una uvimbe wa daima, hata siku ambazo hasikii neno, na zile nyama ni nyepesi kushtuka. Mtu aliyetulia huvuta hewa kiasi cha lita sita hata nane kwa dakika, tena kwa pua, nayo pua huitia joto na maji na kuichuja vumbi kabla haijafika chini. Akikimbia sana, hewa hiyo yaweza kufika lita mia na zaidi kwa dakika, na pua haitoshi tena, hupumua kwa kinywa. Hewa nyingi kavu yapita juu ya ule utando na kuunyang'anya maji yake. Utando ukikauka hutoa vitu vyenye kuzikaza zile nyama, na njia za hewa zikawa nyembamba. Huo ndio mluzi tuusikiao.

Na hapa pana jambo moja linalowapoteza watu. Pumu hii aghlabu haimshiki mtu katikati ya mbio. Hushtadi baada ya kusimama, dakika tano hata kumi na tano hivi, kisha hulegea katika nusu saa au saa nzima. Kwa hiyo mtu hakimbii akaanguka. Hukimbia akafika, akakaa, ndipo ikamjia, na yeye asiunganishe tukio na sababu yake. Wako walioiita kijicho, na wako waliotafuta jini. Tusimsingizie jirani yetu hasadi kwa jambo ambalo kisa chake ni hewa kavu na mbio.

Wala si kila kutweta ni pumu. Mwenye afya akikimbia hutweta, kisha baada ya dakika chache pumzi hurudi mahali pake. Alama ya pumu ni kwamba dakika zikizidi shida nayo huzidi, na pamoja nayo kifua hubana, hutoka mluzi, au hushika kikohozi kikavu. Kwa watoto mara nyingi hakuna mluzi, ni kikohozi tu baada ya kucheza. Basi baba ambaye mwanawe huuacha mchezo wa mpira katikati akaenda kukaa kando akikohoa, asimpige kwa uvivu kabla hajampeleka kwa tabibu. Ama mtu wa makamo ambaye akipanda ngazi husikia uzito kifuani wenye kushuka mkononi au kupanda tayani, huyo asijipe dawa ya pumu. Huenda ni moyo, naye aende hospitali siku ile ile.

Maradhi haya si mapya. Matabibu wa Kiyunani waliyaandika, wakataja wazi ugumu wa pumzi uletwao na mbio na kazi. Waarabu wakayaita rabu. Na Musa bin Maimun, yule tabibu wa Kiyahudi aliyekaa Misri katika zama za Sultani Salahuddin, aliyatungia kitabu kizima. Walichokosa wao ni dawa tuliyo nayo sisi, na hiyo tutaifikia.

Katika watu wenye pumu nimeona makosa mawili yaliyo kinyume. Wa kwanza ni yule anayejilazimisha. Huyu huona haya kusema "siwezi" mbele ya wanaume wenziwe. Magunia yakipakuliwa bandarini naye hutia bega. Mkokoteni ukikwama mlimani naye husukuma. Na jeneza likitoka nyumbani hujitupa chini yake pamoja na vijana, na watu wa jeneza kama mjuavyo hawaendi polepole, kwani ni sunna kuliharakisha. Akishindwa pumzi hujificha nyuma ya ukuta hata imtoke. Huyu na ajue kuwa kulichukua jeneza ni fardhi ya kutoshelezana. Wakitokea wa kulichukua, dhima imewatoka wengine, naye afuate nyuma kwa mwendo wake na aombe dua, na thawabu za kusindikiza hazimkosi. Hasa ikiwa siku ile ana mafua, kutia bega lake hapo si wema kwa maiti wala kwa walio hai.

Tena tukumbuke habari ya kamba aliyoiona Mtume (s.a.w.) imefungwa baina ya nguzo mbili za msikiti. Aliuliza, akaambiwa ni ya Zainab, akichoka katika sala huishika. Akaamrisha ifunguliwe, akafahamisha kuwa mtu asali wakati ana nguvu, na akichoka akae. Na Imran bin Husain, ambaye alikuwa na maradhi, aliuliza juu ya sala, akaelekezwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Ikiwa kisimamo cha sala, nacho ni nguzo, chaondoka kwa udhuru, kisimamo cha mkokoteni kina heshima gani hata kisiondoke?

Kosa la pili ni la yule aliyeacha kila kitu. Ameambiwa mara moja ana pumu, tangu hapo hatembei, haogelei, haendi msikitini hata ulio karibu, na kila akiitwa kazini husema, "Mimi ni mgonjwa." Mwili wake hulegea na kunenepa, na pumzi zake huzidi kuwa fupi, hata kazi ndogo ikamtwetesha. Matabibu wa leo hawamwambii mwenye pumu akae kitako. Humwambia maradhi yakiisha tulizwa kwa dawa, afanye mazoezi kama watu wengine, kwani kifua kilichozoeshwa hutosheka na pumzi chache kwa kazi ile ile. Paula Radcliffe wa Uingereza alikuwa na pumu hii ya mbio, naye mwaka 2003 alizikimbia mbio ndefu za London kwa saa 2 na dakika 15 na sekunde 25, na hapana mwanamke aliyempita hata mwaka 2019, alipompita Brigid Kosgei wa Kenya huko Chicago. Sikumtaja ili wazee wetu waanze kukimbia mitaani. Nimemtaja ili asiwepo wa kusema kuwa pumu na juhudi havikai pamoja.

Basi njia iliyo sawa ni ipi? Kwanza ni dawa, kwani Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu wajitibu. Dawa za kuvuta ni namna mbili, na kutozitenganisha kumewaua watu. Ya kwanza ni ya kufungua, nayo mashuhuri ni salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Hulegeza zile nyama zilizokaza, na kazi yake huonekana kwa dakika chache na hukaa saa nne hivi. Ya pili ni ya kuzuia, yenye dawa ya kutuliza uvimbe. Hii haileti raha ya papo kwa papo, na kwa sababu hiyo watu huiacha. Walakini ndiyo itibuyo asili. Mwenye kutegemea ya kufungua peke yake ni kama mwenye kutoa maji chomboni kila siku asizibe tundu. Kamati ya kimataifa ya matabibu wa pumu, iitwayo GINA, tangu mwaka 2019 haishauri tena mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Akikwambia mtu kuwa pampu humzoesha mgonjwa hata asiweze kuiacha, au kuwa hupewa aliyekaribia kufa, usimsikilize. Dawa ivutwayo huenda pale pale penye maradhi, na kwa hiyo kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge.

Lakini na ivutwe kama ipasavyo. Itikiswe, mtu atoe pumzi, kisha abonyeze huku akivuta polepole kwa kinywa, aizuie pumzi kwa kiasi cha sekunde kumi. Wengi huibonyeza dawa ikaishia ulimini. Ambaye haiwezi, atumie chombo cha katikati, na asiyekipata aweza kutoboa kitako cha chupa safi ya plastiki ya nusu lita, atie pampu hapo na avute kwa mdomo wa chupa. Baada ya ile ya kuzuia, asukutue na ateme.

Pili ni kuanza kazi kwa daraja. Ambaye tabibu amemwagiza, avute dawa yake kiasi cha dakika kumi na tano kabla ya mchezo au kazi nzito. Na aliyejiona anaihitaji kila siku kwa ajili hiyo, arudi kwa tabibu, maana uvimbe haujatulia. Kisha atembee, aharakishe kidogo, apumzike, arudie, kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano, ndipo aingie katika juhudi yenyewe. Na akimaliza asisimame ghafula.

Tatu ni kuijua hewa. Sisi watu wa pwani tuna neema ambayo hatuishukuru, nayo ni unyevu wa bahari. Mwenye kuogelea baharini huvuta hewa yenye maji, na ndiyo maana kuogelea humdhuru mwenye pumu kidogo kuliko mbio. Akipanda bara, Nairobi kwa mfano, iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, akakimbilia gari katika baridi ya Julai alfajiri, atashangaa kifua kilichokuwa kizima Mombasa au Unguja kinamsaliti. Hapo na afunge kitambaa kinywani, avute kwa pua, na apunguze haraka.

Kisha ziko siku ambazo juhudi yafaa iachwe kabisa, na kuzijua siku hizo ni nusu ya matibabu. Mwenye mafua au kikohozi kilichoshuka kifuani aache kazi nzito hata kipone, na baada ya hapo asirudi kwa nguvu zote siku ya kwanza. Aliyeamshwa usiku na pumzi, asiichukulie asubuhi yake kuwa ya kawaida. Aliyeihitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili katika juma, au ambaye haimtoshelezi tena muda iliokuwa ikimtosheleza, ajue kuwa moto umo chini ya jivu. Vumbi nalo lihesabiwe: vumbi la saruji, la unga, la mbao zinazokerezwa, la makumbi ya nazi, na moshi wa taka zichomwazo nyuma ya nyumba. Mwenye kazi ya humo hatuwezi kumwambia aache na watoto wale nini. Twamwambia afunike pua, asimame upande utokako upepo, na amwombe tajiri wake sehemu nyingine ya kazi. Na tajiri amchaye Mungu asimfukuze mtu kwa kusema kweli juu ya kifua chake.

Na hapa nina neno na wasio na pumu. Ubani na udi ni katika mapenzi yetu, wala sisemi viharimishwe. Lakini chetezo kikipitishwa katika safu, na madirisha yamefungwa, mtu aliyekuja kusali hugeuka akawa mtu anayetafuta mlango. Wakuu wa misikiti wafukize mapema kabla watu hawajaingia, wafungue madirisha, na mazulia yatolewe juani yakung'utwe nje. Ama mwenye kuvuta sigara mlangoni mwa msikiti, huyo kila mtu ajua alivyo.

Pumu ikimshika mtu, na aache alilo nalo papo hapo. Akiwa katika sala ya fardhi na pumzi zamkatikia, akate sala atumie dawa, kisha asali tena, kwani kuiokoa nafsi kwaruhusu hayo. Akae wima, asilazwe, nguo za shingoni zilegezwe, watu wasimzonge. Avute ile dawa ya kufungua mvuto mmoja kila baada ya nusu dakika au dakika, hata ifike kumi. Asipopata nafuu apelekwe hospitali pasi na kungoja, na njiani aendelee kuvuta. Wala msingoje hata hizo kumi mkimwona hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo yake imegeuka rangi, au amelegea na kusinzia, au mluzi umenyamaza na hali shida haikupungua. Kunyamaza huko watu hukudhani ni kupoa. Ni hewa imekwisha kupita.

Juu ya mwezi wa Ramadhani, maulamaa wa zama hizi wamekhitalifiana katika pampu: je, yafuturisha? Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaimin wamesema haifuturishi, kwani si chakula wala kinywaji wala mfano wake. Wengi katika wafuasi wa madhihabi yetu ya Shafi husema yafuturisha, kwa kuwa ni kitu chenye dhati kinachofika ndani. Mwenye pumu amfuate mwanachuoni amwaminiye, lakini aelewe kuwa pande zote mbili zimekubaliana katika jambo moja: mgonjwa anayeogopa dhara ana ruhusa ya kufungua. Hapana mwenye kusema ajizuie na dawa hata afe. Akifuata kauli ya pili akaitumia, atalipa siku ile baadaye. Na ambaye hatazamiwi kupoa hata aweze kufunga, atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Dawa ya kuzuia, itumiwayo asubuhi na jioni, aipange wakati wa daku na baada ya kufuturu, wala asiiache mwezi mzima. Na kazi nzito za mchana azihamishie usiku awezapo. Wallahu aalam.

Imebaki Hija, na huko ndiko wazee wetu wanakopatikana. Mtu atokaye katika unyevu wa pwani huingia katika ukavu wa Makka, akatoka katika joto la barabarani akaingia katika baridi ya mashine hotelini, katikati ya vumbi na umati wenye mafua. Kisha ana saba za tawafu, na saba za Safa na Marwa ambazo jumla yake ni kilomita tatu na zaidi kidogo. Kwenda matiti katika mizunguko mitatu ya kwanza, na kukimbia baina ya zile alama za kijani, ni sunna kwa wanaume; anayeziacha kwa pumu hana dhambi wala fidia. Akihitaji kiti cha magurudumu apande. Umm Salama alipomshitakia Mtume (s.a.w.) ugonjwa wake, aliamrishwa atufu nyuma ya watu naye amepanda mnyama. Na mzee mmoja alionekana akiburutika baina ya wanawe wawili, ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kuitesa nafsi yake, akamwamrisha apande. Basi mwenye pumu amwone tabibu wake majuma kadhaa kabla ya safari, achukue pampu mbili, si moja, na ile ya kufungua aitie katika mfuko wa mkanda wa ihramu yake. Asiiache hotelini wala asimpe mwenziwe amchukulie, kwani katika umati ule watu hupoteana.